Stripu, matone au mita ya kupimia maji? Na mbolea je, ya chupa, ya unga au ya kwenye mizizi? Ulinganisho kwa wenye tanki la mimea nyumbani

Majani yanageuka njano, au yanatoboka vitundu vitundu, au mwani umejaa kwenye kioo, mtu anaenda dukani anaambiwa "weka mbolea", anafika nyumbani mwingine anamwambia "pima maji kwanza", na akiuliza apime na nini, aweke mbolea gani, kila mtu anamsifia kile anachotumia yeye. Nimeona watu wanang'oa mimea yote na kubaki na changarawe tupu kwasababu ya kuchanganyikiwa hapo tu, na inauma, maana tanki lenye mimea hai likitulia hakuna kitu kizuri kama hicho sebuleni.

Mi nina tanki mbili hapa nyumbani Tabata, moja la lita 100 lenye mimea mingi na samaki wadogo aina ya gapi na neon, lingine dogo la lita 40 la kamba wadogo. Njia zote ntakazozitaja hapa nimezitumia kwa nyakati tofauti, zingine mpaka leo natumia, kwahiyo siongei kwa kusoma maboksi tu.

Na kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema ni hiki: kipimo na mbolea vinachaguliwa pamoja. Watu wananunua kipimo siku yake na mbolea siku yake kana kwamba havihusiani, wakati mbolea uliyochagua ndio inaamua upime nini. Mwaka wangu wa kwanza niliona majani ya vallisneria (mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe) yanapauka, nikachukua NPK ya chenga ya shambani, kijiko kimoja cha chai, nikaizika kwenye mchanga. Jioni nikapima na stripu (vijiti vya kupimia maji), kila kitu kikasoma safi, nikalala. Asubuhi gapi 11 wanaelea. Stripu yangu haikua na sehemu ya amonia, na nitrojeni ya mbolea ile nyingi ilikua amonia. Yaani niliweka sumu ambayo kipimo nilichokua nacho hakina macho ya kuiona. Stripu haikua mbovu na NPK nayo kwa mahindi ni nzuri tu, ila hivyo viwili kwa pamoja ndani ya tanki vilikua balaa.

Naangalia nini kwenye kila kimoja

Kwanza kinaona nini au kinalisha nini, na kipi hakioni. Pili, ukikosea kidogo inakuaje, maana kuna kitu ukikosea unapoteza hela na kingine ukikosea unapoteza samaki. Tatu gharama, lakini gharama ya mwaka mzima sio ya siku ya kununua. Nne kama kinavumilia hali ya huku kwetu, joto la nyuzi 28 mpaka 30, unyevu wa pwani, umeme kukatika. Na mwisho kinamfaa nani. Muda wako nao ni gharama, mtu anaetoka kazini saa mbili usiku usimpe kazi ya maabara.

Kabla ya vyote, pima maji unayoingiza

Hapa nakaa kidogo maana watu wanaruka. Kila mtu anapima maji ya kwenye tanki, wachache sana wanapima ya kwenye ndoo.

Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu na yametiwa klorini, hiyo unaiacha kwenye ndoo wazi siku nzima au unatumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima ni habari nyingine kabisa. Ukiwa pwani, iwe Dar, Mombasa au Unguja ambako chini kuna mwamba wa matumbawe, kisima chako kina uwezekano mkubwa wa kuwa na maji magumu (yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi), na wakati mwingine ya chumvi. Alafu kisima kifupi kilichochimbwa karibu na vyoo vya shimo kinapokea naitreti (aina ya nitrojeni ambayo mimea inaila) kutoka ardhini. Sasa fikiria mtu ana maji ya kisima yenye naitreti 40 ppm (miligramu kwa lita) tayari na anapewa ushauri wa kuongeza naitreti ili mimea ipate nitrojeni. Mimea yake haina njaa ya nitrojeni hata kidogo, ina njaa ya potasiamu au chuma, na kila akiongeza mbolea anaongeza kisichohitajika.

Nairobi ni kinyume chake, maji ya bomba yanayoshuka kutoka mabwawa ya Aberdare kama Ndakaini huwa laini, kalsiamu na magnesiamu ni kidogo, kwahiyo huko majani mapya yaliyojikunja na kuharibika umbo unayaona zaidi kuliko huku kwetu.

Maji ya mvua ni rafiki mkubwa wa mwenye kisima kigumu. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga inayofuata, changanya nusu kwa nusu na ya kisima, ugumu unashuka karibu nusu bila kununua chochote.

SEHEMU YA KWANZA: VIPIMO

Stripu

Hivi ni vile vijiti vya plastiki vyenye viboksi vya rangi, unachovya, unasubiri dakika moja hivi, unalinganisha na rangi za kwenye kopo.

*Zinaona nini.* Nyingi zinasoma naitreti, naitraiti (sumu inayotokea bakteria wakianza kuvunja amonia), pH (uchachu au ualikali wa maji), KH (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), GH (ugumu wa maji), na zingine klorini. Amonia mara nyingi haipo, inauzwa kama stripu nyingine peke yake. Fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka kwenye maji), potasiamu na chuma usitegemee.

*Ukikosea.* Stripu haikupi namba, inakupa eneo. Kati ya naitreti 20 na 40 macho yako na ya mkeo yatabishana. Lakini kwa swali la "kuna naitraiti au hakuna", au "KH yangu ni ya chini sana au iko poa", inajibu vizuri tu na inajibu haraka. Kuna watu wanazidharau sana stripu na mi naona wanazionea, mtu anaepima kila wiki na stripu anajua tanki lake kuliko mwenye boksi la bei mbaya lililojaa vumbi.

*Gharama.* Kuanza ni rahisi, ila ukipima mara mbili kwa wiki kopo la stripu 25 au 50 linaisha, na ukijumlisha mwaka unakuta umeipita bei ya boksi la matone. Wengine wanazikata katikati kwa urefu wapate mbili, inafanya kazi ukiwa na mkasi mkali na mikono mikavu.

*Hali ya huku.* Hapa ndio udhaifu wake. Unyevu wa pwani unaziua. Ukiacha kopo wazi dakika kumi mwezi wa nne, au ukaingiza kidole chenye maji, zilizobaki zinaanza kudanganya na wala hazikuambii. Weka kopo kabatini, usiondoe kile kipakiti cha kukausha unyevu, na usinunue kopo ambalo lakiri yake imeshafunguliwa.

*Zinamfaa nani.* Mwenye tanki moja lililotulia, mimea michache isiyo na makuu, mbolea kidogo. Pia mwenye haraka. Na walimu wenye tanki darasani, maana mtoto anaweza kufanya bila kushika kemikali.

Matone

Boksi lenye vichupa na mirija ya kioo. Unachota mililita 5 za maji, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri, unasoma rangi. La API la maji baridi ndio nimekua nalo muda mrefu, yapo pia ya JBL na mengine.

*Yanaona nini.* Amonia, naitraiti, naitreti na pH kwenye boksi la kawaida, KH na GH kwa vichupa vya ziada, na ukitaka unaongeza fosfeti au chuma. KH na GH ndio napenda zaidi maana hazina kubishania kivuli cha rangi, unahesabu tone moja moja mpaka maji yabadilike rangi ghafla, kila tone ni digrii moja, sawa na kama 18 ppm.

*Ukikosea.* Yako sahihi kuliko stripu kama ukifuata maelekezo, na ukiruka hatua yanakudanganya kwa ujasiri kabisa. Kosa kubwa ni naitreti. Chupa namba 2 ya naitreti ya API lazima uitikise kwa nguvu sekunde 30, alafu ukishatia matone unatikisa mrija dakika nzima, alafu unasubiri dakika 5. Kuna kitu kinatuama chini ya ile chupa, usipokiamsha unasoma 5 wakati una 40, na ndio watu wanaendelea kumwaga mbolea wakiamini mimea ina njaa. Nyingine, soma rangi mchana karibu na dirisha, taa ya tanki inabadilisha rangi. Na angalia kipimo chako kinatoa namba ya naitreti yenyewe au ya nitrojeni iliyomo ndani yake, kuna aina zinatoa ya nitrojeni tu, hiyo unazidisha kwa 4.4 kabla ya kulinganisha na namba ambazo watu wanataja.

Amonia nayo inahitaji kusomwa pamoja na pH. Kipimo kinakupa jumla, lakini sehemu yenye sumu kali inategemea pH na joto. Kwa maji ya nyuzi 28, kwenye pH 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1, kwenye pH 8 inafika kama asilimia 6 na nusu. Kwahiyo mtu wa Nairobi na mtu wa Unguja wakisoma amonia ile ile, wa Unguja, ambae maji yake magumu yana pH ya juu, ndio akimbie kubadilisha maji.

*Gharama.* Unatoa hela nzito siku moja alafu unasahau. Boksi moja linapima mara mamia. Shida ni kwamba naitreti inaisha kabla ya vingine, uliza kama wanauza kichupa peke yake.

*Hali ya huku.* Joto na jua ndio adui. Usiache kwenye gari, usiweke juu ya kofia ya taa ya tanki. Soma tarehe ya mwisho.

*Yanamfaa nani.* Anaeanzisha tanki jipya, huyo simwambii chaguo lingine, maana anahitaji kuona amonia inapanda, inashuka, naitraiti inapanda, inashuka, ndio aingize samaki. Na yeyote anaelisha kwa unga. Hayamfai mwenye watoto wadogo ambae hana kabati la kufunga, vile vichupa vingine vina kemikali kali.

Mita

Hapa kuna mita ya TDS, ile kalamu wanayotumia watu wa maji ya kunywa, na kalamu ya pH.

*Zinaona nini.* TDS inapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka na haijui ni chumvi gani. 250 inaweza kuwa kalsiamu nzuri au chumvi ya bahari au mbolea uliyozidisha. Amonia na naitreti hakuna kalamu ya bei rahisi inayopima, usidanganyike. Zipo zile mashine ndogo za Hanna zinazopima kitu kimoja kimoja kama fosfeti au chuma kwa mwanga na unga wake, ni nzuri, ila ni za mtu aliezama kweli.

*Ukikosea.* TDS ni vigumu kukosea. Kalamu ya pH ni rahisi mno kukosea, lazima uirekebishe kwa maji maalum, zile za bei nafuu zinakuja na unga wa 4.01 na 6.86, na ncha yake ikikauka inaanza kutoa namba za ajabu zenye desimali mbili, na desimali zinamfanya mtu aamini. Heri tone lenye rangi kuliko desimali ya uongo.

*Gharama.* TDS ni ndogo, betri tu. pH utabadilisha kalamu mapema kuliko unavyodhani.

*Hali ya huku.* TDS inastahimili sana. Na huku ambako maji yanakauka haraka kwa joto ina kazi nzuri, kwangu baada ya kubadilisha maji inasoma kama 210, ikifika 300 kabla ya siku ya kubadilisha najua kuna chumvi zinajikusanya, ama nimezidisha mbolea ama nimekua najazia maji ya kisima juu ya yaliyokauka.

*Zinamfaa nani.* Mwenye kamba wadogo, mwenye kisima, mwenye kuchanganya maji ya mvua. Kama kipimo cha pili. Peke yake TDS haitoshi kwa mtu yeyote.

Alafu chochote utakachochagua pima saa ile ile kila mara. Mimea inatumia kabonidayoksaidi mwanga ukiwaka, kwahiyo pH ya asubuhi iko chini na ya jioni imepanda, usije ukadhani maji yameharibika kumbe umepima saa tofauti.

SEHEMU YA PILI: MBOLEA

Mimea inataka vikubwa vitatu, nitrojeni, fosforasi na potasiamu, alafu kalsiamu na magnesiamu, alafu vidogo kama chuma, manganizi, boroni, zinki. Tanki lenye samaki wengi, nitrojeni na fosforasi zinatoka kwenye chakula cha samaki na kinyesi chao. Kwahiyo tanki kama hilo mara nyingi kinachopungua ni potasiamu na chuma. Majani yatakuambia: ya zamani yakiwa njano jumla, nitrojeni. Ya zamani yakitoboka vitundu, potasiamu. Machanga yakipauka huku mishipa ni kijani, chuma. Sio sheria ya msahafu ila ni mwanzo mzuri wa kujua upime nini.

Mbolea ya maji ya chupa

*Inalisha nini.* Soma lebo, naomba sana usome lebo. Tropica wana mbili zinazofanana kwa jina, Premium haina nitrojeni wala fosforasi na Specialised inazo. Seachem Flourish ya kawaida ni ya vile vidogo zaidi. Easy Green ina karibu vyote. Mtu ananunua ya vidogo, tanki lake halina naitreti kabisa, anashangaa mbona njano haiondoki.

*Ukikosea.* Inasamehe. Ukizidisha kidogo utaona mwani, unabadilisha maji, unapunguza. Tahadhari moja, kile kinachoitwa kaboni ya maji kama Excel sio mbolea ya kawaida, na vallisneria wengi wanayeyuka ukiitumia. Swahiba wangu wa Mombasa alipoteza msitu mzima wa vallisneria hivyo, wakati maji yake yalikua yanaupenda mmea ule kuliko mwingine wowote.

*Gharama.* Ukinunua chupa unalipia maji kwa kiasi kikubwa, na maji ni mazito kusafirisha, ndio maana huku kwetu bei inapanda. Kwa tanki la lita 40 chupa inakaa miezi. Kwa lita 300 utaona inavyouma.

*Hali ya huku.* Kuna zinazoota ukungu ndani ya chupa kwa joto. Weka pakavu pa giza, na usirudishe kwenye chupa ulichokimimina.

*Inamfaa nani.* Tanki moja dogo au la kati, mtu asietaka kupima gramu, mwanzo wa safari. Mwenye kamba pia, ila aangalie kiasi cha shaba, kipo kidogo na kwa kipimo cha kwenye lebo hakina shida, kuzidisha ndio shida.

Mbolea ya unga

Hii ndio naitumia sasa kwenye tanki kubwa na nina maneno nayo.

*Inalisha nini.* Unachotaka wewe. Potasiamu naitreti, ile wenye green house wanaita 13-0-46, inatoa nitrojeni na potasiamu. MKP (potasiamu fosfeti), 0-52-34, inatoa fosforasi na potasiamu. Chumvi ya Epsom inatoa magnesiamu. Na mchanganyiko wa vidogo wenye chuma. Zile mbili za kwanza ziko kwenye maduka ya pembejeo yanayouzia watu wa umwagiliaji wa matone, uliza zinazoyeyuka kabisa kwenye maji, sio za chenga.

Hesabu yake ni hii. Gramu 1 ya potasiamu naitreti kwenye lita 100 inaongeza naitreti kama 6 ppm na potasiamu kama 4. Mi nayeyusha gramu 50 za potasiamu naitreti na gramu 5 za MKP kwenye maji nusu lita, basi mililita 10 kwa sirinji kwenye lita 100 inanipa naitreti 6 na fosfeti 0.7. Nafanya hivyo mara mbili kwa wiki. Vidogo naviweka siku nyingine, kwenye chupa nyingine, maana chuma na fosfeti zikikutana zikiwa nzito zinashikana na kutuama, mmea haupati kitu. Na chuma chenyewe uliza ni cha aina gani, maana kinauzwa kikiwa kimeshikwa na kemikali ya kukizuia kisituame: cha EDTA kwenye maji yetu magumu ya pH 8 hakikai, cha DTPA kinavumilia zaidi.

Kuna njia inaitwa EI, aliyoieneza Tom Barr wa Marekani, unaweka mbolea kwa wingi makusudi ili mmea usikose kitu, alafu kila wiki unabadilisha nusu ya maji ili mabaki yasijirundike, bila kupima pima. Inafanya kazi kweli, kwenye tanki lenye mwanga mkali na CO2 (kabonidayoksaidi unayoingiza kwenye maji). Kwa tanki la taa ndogo bila CO2 ni nyingi mno, weka robo. Na ujiulize kama nyumbani kwako maji yanatoka kila wiki ya kutosha kumwaga nusu tanki, maana njia nzima imesimama hapo.

*Ukikosea.* Hapa ndio pa kuwa makini. Nukta ikihama nafasi moja umeweka mara kumi. Na usikubali kamwe kupewa mbolea za shambani kama urea, DAP, CAN au NPK ya chenga ziwe mbadala wa kuweka kwenye maji, hizo nitrojeni yake yote au sehemu kubwa ni amonia au inageuka kuwa amonia. Mwenye duka atakuambia "hii ni ile ile tu kaka", kwa shamba lake yuko sahihi, kwa samaki wako hapana. Chupa andika maandishi makubwa, usitumie chupa ya soda au ya maji ya kunywa nyumba yenye watoto.

*Gharama.* Hakuna kinachoikaribia. Kwa gramu 2 kwa wiki kilo moja ya potasiamu naitreti ni wiki 500, zaidi ya miaka 9. Ongeza kamizani kadogo kanakosoma sehemu za gramu.

*Hali ya huku.* Unga unanyonya unyevu unakua jiwe, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana.

*Inamfaa nani.* Mwenye tanki kubwa au matanki kadhaa, anaependa hesabu, na ana kipimo cha naitreti cha matone. Bila hicho naona ni kuendesha gari usiku bila taa, isipokua uwe unafuata EI na kubadilisha maji kikweli.

Mbolea ya kwenye mizizi

*Inalisha nini.* Vidonge unavizika kwenye mchanga karibu na mizizi. Inafaa mimea inayokula sana kwa mizizi, vallisneria, cryptocoryne, zile sword za Amazon. Anubias, java fern na moss haviwasaidii kitu, hizo zinakula kwenye maji, na anubias ukimzika lile shina lake nene anaoza.

*Ukikosea.* Kidonge kikikaa chini sentimita 5 kwa kawaida ni salama. Tatizo ni siku unayong'oa mmea, unavuta mzizi na kidonge kinapanda juu, kama ni cha Osmocote (mbolea ya punje inayoachia chakula taratibu) kinaachia amonia kwenye maji. Siku ya kupanga upya mimea pima amonia usiku na kesho yake.

*Gharama.* Ya kati. Vya dukani ni ghali kidogo kwa kimoja, ila unaweka kila baada ya miezi mitatu hivi. Wengine wanajaza Osmocote kwenye vidonge tupu vya jelatini, wengine wanafinyanga udongo wa mfinyanzi na mbolea kidogo ndani wanakausha.

*Hali ya huku.* Haina shida, tena umeme ukikatika siku nzima haikuhusu.

*Inamfaa nani.* Mtu anaesafiri sana, mchanga mtupu usio na rutuba, mimea mikubwa ya mizizi. Mwenye udongo maalum kama Amazonia wa ADA mwaka wa kwanza hahitaji, ule udongo wenyewe una chakula, tena wiki za mwanzo unatoa amonia nyingi.

KIPI NA KIPI, KWA HALI YAKO

Tanki jipya kabisa, halijafika miezi miwili: boksi la matone, mbolea subiri au weka nusu ya kipimo cha chupa. Mimea mingi inadondosha majani ya zamani ikihamia maji mapya, sio njaa hiyo.

Tanki moja dogo, anubias na java fern, samaki wa kutosha: stripu kila wiki, pamoja na kichupa kimoja cha amonia cha matone kwa dharura, na mbolea ya chupa isiyo na nitrojeni, maana samaki wanakuletea.

Uko pwani na kisima: mita ya TDS na matone ya naitreti, upime ndoo kwanza. Kama naitreti ya kisima iko juu, achana na potasiamu naitreti, tumia mbolea ya vidogo na potasiamu salfeti. Vallisneria itakupenda, mmea huu unaota wenyewe hata Ziwa Nyasa kwenye maji ya alikali. Kulisha kwa mizizi kunaendana sana na tanki la namna hii.

Maji laini ya Nairobi au milimani: matone ya GH na KH kwanza kuliko yote. Chumvi ya Epsom na kitu chenye kalsiamu vinaweza kumaliza tatizo ambalo ungelitupia chupa tatu za mbolea.

Una CO2, hata ile ya sukari na hamira, na taa kali: unga, matone ya naitreti na fosfeti, kubadilisha maji kila wiki. Mbolea ya chupa kwa tanki hilo itakuishia kila mwezi.

Una kamba: TDS kila siku mbili tatu, mbolea ya chupa nusu ya kipimo, na usibadilishe vitu viwili wiki moja.

Unasafiri kikazi, nyumbani yuko dada wa kazi au mdogo wako: vidonge vya mizizi, stripu, na karatasi ukutani yenye maneno mawili, kwamba kiboksi cha naitraiti kikigeuka pinki amwage theluthi ya maji ajaze yaliyolala kwenye ndoo. Usimuachie unga na sirinji.

Na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika masaa marefu, haijalishi uko kundi gani hapo juu, kuwa na kipimo cha amonia cha matone ndani ya nyumba. Filta ikilala bakteria wanaokula amonia wanaanza kufa, umeme ukirudi maji yanaonekana masafi kabisa kama jana. Siku hiyo usiweke mbolea yoyote. Pima usiku, pima asubuhi, ikisoma sifuri mara mbili ndio uendelee na ratiba yako.